Kanuni ya Mgeni

Mwalimu Kokushubila tulimzika Jumatano ya mwisho ya Aprili, mvua ikinyesha hadi kiatu changu kimoja kikabaki matopeni. Nililia kweli, sikujilazimisha. Ndiyo maana mwezi Juni, Haruni alipokuja ofisini kwangu akasimama mlangoni kama mtu aliyevunja sahani ya watu, akaniambia kwamba mwalimu amepima presha asubuhi ile, nilimkasirikia.

"Mwalimu yupi?"

"Namba arobaini na moja. Wa Kagoma."

"Haruni, huyo amekufa. Ulikuwepo msibani. Ulikula ndizi sahani mbili."

"Tatu," alisema, lakini hakucheka. "Ndiyo maana nimekuja kukwambia wewe kwanza, Dada Renatha, kabla sijamwambia mtu mwingine."

Mimi nafundisha takwimu za afya katika chuo cha uuguzi hapa Bukoba. Nimepanga vyumba viwili Kashai, na wakati huo nilikuwa nimebakiza wiki tano tu nikabidhi tasnifu yangu ya shahada ya uzamivu. Haruni ni mtoto wa Miembeni, fundi wa mitambo ya mradi wetu, mpole kuliko kawaida ya mafundi. Mashine zote na simu zote za mradi zinapita mikononi mwake.

Mradi wenyewe ulikuwa rahisi kuueleza. Tuliwachukua walimu wastaafu mia mbili na kumi wenye presha, wa Bukoba mjini na wa Muleba, tukampa kila mmoja mashine ya kupimia na simu. Asubuhi mtu anavaa mkanda mkononi na kupima, mashine inapeleka namba kwenye simu, simu inauliza maswali matatu, kisha kila kitu kinakuja kwenye kompyuta yetu chuoni. Namba zikipanda mno kompyuta inapiga kengele, na muuguzi wetu, Esther, anampigia mhusika simu aende hospitali. Tulitaka kujua kama mtu aliyefundisha wengine miaka thelathini anaweza kujifundisha mwenyewe kuutunza mwili wake. Wasomi wa elimu walikuwemo, madaktari walikuwemo, watu wa teknolojia walikuwemo, na kila kundi liliamini kwamba mradi ni wa kwake.

Miezi miwili ya mwanzo kengele ile nusura itutoe roho. Ililia mara ishirini kwa siku. Esther alipiga simu hadi sauti ikamkauka, na kila akipiga anamkuta mtu mzima wa afya shambani anapalilia migomba, anashangaa anaulizwa nini. Walikuwa karibu wote wanawake. Watengenezaji wa mashine walituandikia kutoka huko kwao kwamba labda mikanda ni midogo.

Mimi ndiye niliyegundua sababu, na sitajifanya kwamba sikujivunia. Kwetu mgeni akiingia, mama wa nyumba anapiga magoti kumsalimia, na salamu zetu si fupi. Anainuka haraka, anatafuta kikapu cha kahawa ya kutafuna, anamkaribisha mgeni, na yeye mwenyewe anatafuna mbili tatu kumchangamkia. Ndipo anakumbuka mashine. Anavaa mkanda moyo ukiwa bado unakimbia na kahawa ikiwa bado mdomoni. Mzungu wa mashine atayajulia wapi hayo? Nikaongeza swali la tatu kwenye simu: Je, kuna mgeni nyumbani? Kisha nikaandika amri kwenye kompyuta kwamba kipimo chochote chenye mgeni kiwekwe kando, kisihesabiwe wala kisipige kengele.

Kengele zikapungua kwa theluthi mbili. Msimamizi wangu wa tasnifu akawa anawaambia watu mikutanoni kwamba hiyo ndiyo faida ya utafiti kufanywa na wenyeji. Akaibatiza jina, kanuni ya mgeni, na mimi nikaitetea jukwaani mara mbili na nikapigiwa makofi mara mbili. Niliipenda kanuni ile kama mtu anavyolipenda gauni lililomkaa vizuri.

Sasa Haruni alikuwa amefungua orodha ghafi mbele yangu, ile inayopokea kila kitu kabla amri zangu hazijachambua. Kwenye kioo cha kompyuta yangu mimi, Mwalimu Kokushubila alikuwa kimya tangu Aprili kumi na tano. Katika sura ya nne ya tasnifu nilikuwa nimemtumia kama mfano: mshiriki aliyepima kwa uaminifu kwa miezi saba, kisha akaacha kabisa siku kumi na moja kabla ya kifo chake. Lakini kwenye orodha ya Haruni alikuwa hajanyamaza. Alikuwa ameanza tena Ijumaa, siku ya pili baada ya mazishi, na hakukosa hata asubuhi moja. Saa kumi na mbili na robo, kama desturi yake. Mara tatu, dakika moja kati ya kipimo na kipimo, hivyo hivyo tulivyowafundisha. Wengi walikwisha kuwa wavivu na kupima mara moja tu. Yeye hakuwahi kuwa mvivu.

"Mapigo themanini na nane," Haruni alisoma. "Juzi tisini na moja. Dada, marehemu ana mapigo."

Alifungua ramani. Nukta ya simu haikuwa ndani ya nyumba. Ilikuwa kwenye kibanja, shamba la nyumbani, katikati ya migomba, hatua kama thelathini upande wa mashariki. Pale nilipajua. Kwetu mtu anazikwa kwenye kibanja chake, karibu na nyumba yake, na pale ndipo kilipobaki kiatu changu.

Kuna mgeni nyumbani? Ndiyo. Nikashuka na orodha. Ndiyo, ndiyo, ndiyo, siku thelathini na tisa mfululizo. Nywele zilinisimama, na nilipoona zimenisimama nikachukia, kwa sababu mimi ni mtu wa namba.

"Kuna mtu kachukua mashine," nilisema. "Jirani au mtoto wa jirani, anaichezea. Utaifuata ukipata nafasi."

"Hiyo presha si ya mtoto. Mia na tisini kwa mia na kumi na nane."

"Ya nani? Kama hatujui ya nani, hiyo si data."

Nikamwambia Haruni basi aizime hiyo laini mpaka nikabidhi tasnifu, maana ikionekana kwenye ukaguzi nitaulizwa maswali yasiyo na mwisho. Alisema yeye laini ya marehemu hazimi, nikitaka nizime mwenyewe. Jioni alinitumia orodha yote, tangu Septemba tulipoanza. Niliisoma kuanzia mazishi kuja huku. Kurudi nyuma, kwenye zile siku kumi na moja, sikurudi. Nilijiambia kwamba sina muda, na hata nilipokuwa nikijiambia nilijua kwamba najidanganya.

Sikuzima laini. Kesho yake niliamka mapema, nikafungua kompyuta kitandani, na saa kumi na mbili na robo mstari mpya ukaingia. Nje bodaboda walikuwa wanapasha injini zao. Kipimo cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kuna mgeni. Nikafunga kompyuta nikaoga maji ya baridi.

Siku ya tatu nilijikuta nimekaa wima saa kumi na mbili na dakika kumi, namsubiri. Siku ya nne nilimwamkia. Nilisema "Shikamoo, mwalimu," kisha nikatazama huku na huku kama mwenye nyumba amenisikia. Siku ya tano alichelewa. Robo ikapita, dakika ishirini zikapita, nikasikia sauti yangu mwenyewe chumbani ikisema, "Mungu wangu, amekufa." Dakika ya ishirini na nne namba zikaingia nikashukuru. Nilimshukuru Mungu kwamba mtu niliyemmwagia udongo kwa mkono wangu bado anapima presha. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, na niliyemwogopa alikuwa mimi.

Siku ya saba darasani nilikuwa nafundisha namna ya kushughulikia data zilizokosekana. Mwanafunzi mmoja, Asha, msichana asiyependa kuonekana, alinyoosha kidole. "Mwalimu, mtu akisoma ripoti atajuaje kama data haikuwepo, au ilikuwepo mkaitoa?" Nilimjibu vizuri kabisa, maana jibu limo kitabuni. Kisha nikatoka nje kabla kipindi hakijaisha, nikasimama nyuma ya maabara nikiwa nimeshika chaki.

Siku ya tisa nilimwambia Haruni alete gari la mradi.

Tulifika Kagoma saa nne asubuhi. Mzee Rugemalira, mume wa marehemu mwalimu, alikuwa uani anageuza kahawa kwenye mikeka. Ni mtu mrefu, mkulima wa maisha yote, na msibani alikuwa amesimama wima kuliko wanawe. Sasa aliinuka kwa awamu, akashika mwimo wa mlango, akangoja kidogo kabla ya kutukaribisha. Nilipiga magoti nikamsalimia kwa Kihaya. Alinishika kichwa kama baba anavyomshika mwanawe.

"Nilijua ipo siku mtakuja," alisema. "Maana simu haikupigwa."

"Waitu, mzee wangu, unaumwa?"

"Kichwa tu. Na macho yanafanya ukungu asubuhi. Njooni niwaonyeshe."

Alitutangulia kibanjani. Kaburi lilikuwa bado udongo mtupu, na msalaba wa mbao wenye jina, na pembeni kigoda. Juu ya kigoda kulikuwa na mashine ya mradi imefunikwa kwa kitambaa cheupe kilichofumwa, kile cha kuwekea vyombo vya wageni. Simu ilikuwa mfukoni mwa mzee.

"Ni wewe, tata," nilisema, nikimwita baba kwa Kihaya. "Unayepima."

"Ni mimi. Ulidhani nani?"

Haruni alikohoa akatazama migomba. Mzee akakaa kwenye kigoda, mashine akaipakata mapajani.

"Msibani uliniambia jambo," alianza. "Hukumbuki? Ulinishika mkono ukasema, pole tata, laiti mama asingeacha kupima."

Nilikumbuka. Nilikuwa nimelisema kwa upole mkubwa.

"Mimi nikanyamaza, maana msiba una watu. Lakini nilijiuliza, aliacha lini? Siku zile kumi na moja alizolala, mkanda nilimfunga mimi kwa mikono hii. Kila asubuhi, mara tatu. Hata siku ambayo hakuweza kunywa uji, alipima. Sasa huyu binti anasema aliacha. Usiku wa msiba sikulala. Ndipo nikaelewa kwamba hazikufika. Ndani ya nyumba mtandao unakuja na kuondoka. Hapa kwenye kibanja ndipo unaposhika. Nikasema nitajaribu mwenyewe. Nitapimia hapa, kwa saa yake, kwa utaratibu wake. Zikifika, watapiga simu waulize ni nani anayetumia mashine ya marehemu. Wasipopiga, basi hata hapa hazifiki. Siku arobaini na nane sasa. Hamkupiga."

Niliuliza swali la kijinga, swali la mtafiti.

"Na mgeni? Mbona kila siku unajibu kwamba kuna mgeni?"

"Yeye ndivyo alivyojibu. Mimi maswali hayo siyajui maana yake, nilimwangalia yeye. Kidole kilipokosa nguvu akawa ananiambia, bonyeza ndiyo. Siku moja nikamwambia, lakini ni alfajiri, wageni bado. Akasema, na Mama Byarugaba aliyelala hapo kwenye mkeka, na dada yangu aliye jikoni, hao ni nani? Mwalimu hakuwa mtu wa kuandika uongo hata kwa mashine." Alicheka kidogo, kicheko kikamtia kizunguzungu, akafumba macho. "Tangu alipoanza kuumwa nyumba haikukauka watu, mwana wange. Wengine walikesha. Si unajua mwenyewe? Mgonjwa wa kwetu haachwi peke yake."

Najua. Nimezaliwa Muleba. Bibi yangu alipougua nililala chini ya kitanda chake pamoja na binamu wanne kwa sababu vitanda vyote vilikuwa na watu waliokuja kumwona. Mimi, mwenyeji, niliyepigiwa makofi kwa kuwajua watu wangu, nilikumbuka kwamba mgeni anapandisha presha. Sikukumbuka kwamba presha nayo inaleta wageni. Kwa amri moja ya mstari mmoja nilikuwa nimeiambia kompyuta iwapuuze wagonjwa wote walio taabani, na iwahesabu wazima tu.

Niliketi chini kwenye majani makavu ya migomba, nikafungua kompyuta na ile sehemu ya orodha ambayo kwa siku tisa sikutaka kuisoma. Zilikuwepo. Aprili kumi na sita, mia na themanini na nane. Kumi na saba, mia na tisini na sita. Zilipanda kila siku, ngazi kwa ngazi. Asubuhi ya mwisho mia mbili ishirini na sita kwa mia na thelathini na mbili, mara tatu, dakika moja kati ya kipimo na kipimo. Kila moja ilikuwa na alama ya mgeni. Kila moja ilikuwa imepokewa ndani ya dakika ile ile aliyoituma.

Mzee alikuwa anaendelea kusema, haniangalii mimi, anaangalia msalaba.

"Watoto walitaka kumpeleka hospitali. Akakataa. Akasema watapiga. Kwenye semina aliuliza, je, msipopiga? Wakamjibu, tusipopiga, mama, jua uko salama. Basi akawa anasema, naumwa, lakini si vibaya, wangekuwa wamepiga. Simu aliiweka hapa, chini ya shavu."

Semina ile ilikuwa Muleba mjini, kwenye ukumbi wa shule. Yeye alinyoosha mkono juu kabisa kama mwanafunzi, walimu wenzake wakamcheka. Aliyemjibu alikuwa mimi. Nilijibu upesi, kwa sababu chakula kilikuwa kinapoa.

"Ningemtoa nje," mzee alisema. "Hilo ndilo linalonitafuna. Ni hatua thelathini tu. Mwishoni alikuwa mwepesi kama mtoto, ningembeba, tukae hapa dakika tano, zingeshika, zingefika, kama hizi zangu zilizowaleta. Niliwaza kumbeba, wallahi niliwaza. Nikasema kuna mvua." Akafuta uso kwa kiganja. "Nilimwacha afe kwa sababu ya mvua."

Kisha akainua kichwa akamtazama Haruni. "Kijana, wewe ndiye wa mitambo. Ni mtandao, sivyo?"

Haruni alinitazama mimi, na katika miaka yote niliyomfahamu sikuwahi kumwona amekwama kiasi kile. Angesema chochote ambacho ningesema mimi.

Sitasema kwamba sikufikiria. Nilifikiria, na kwa sekunde kadhaa nilifikiria vizuri sana. Mtandao wa Kagoma kila mtu anaulalamikia. Neno moja, ndiyo, na mzee angebaki na mvua yake, mimi ningebaki na sura yangu ya nne, na siku si nyingi ningeitwa daktari. Ningeirekebisha kanuni kimya kimya. Ningeleta saruji tujengee kaburi. Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo.

"Si mtandao, tata. Zilifika."

"Ngapi?"

"Zote. Za siku zote kumi na moja. Na zako pia."

Aligeuka mwili mzima kunitazama. "Nani alizisoma?"

"Hakuna aliyezisoma. Niliweka amri kwenye kompyuta kwamba mtu akisema ana mgeni, namba zake ziwekwe kando. Nilidhani ni kahawa. Nilidhani ni kupiga magoti. Amri ni yangu mimi, si ya huyu, si ya mashine. Namba za mama nilizitupa mimi."

Kulikuwa na upepo mdogo, majani ya migomba yakawa yanagusana juu yetu. Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane.

"Kwa hiyo haikuwa mvua," alisema.

"Haikuwa mvua."

Akainama, akaweka kiganja juu ya udongo wa kaburi, akamwambia mkewe kwa Kihaya, taratibu, kama mtu anayemwamsha mgonjwa, kwamba haikuwa mvua. Alirudia mara mbili. Machozi yalimtoka bila sauti, na mimi sikuthubutu kulia, maana kilio changu cha pale nilikwisha kukilia bila haki.

Alipoinuka, sauti ilikuwa nyingine.

"Ulikula hapa. Ulilia hapa, nikakubembeleza mimi. Mimi mfiwa nilikubembeleza wewe."

"Ndiyo, tata."

"Usiniite tata."

Niliomba nimpime. Aliusukuma mkono wangu pembeni, akamnyooshea Haruni wake. Haruni akamfunga mkanda, na sote watatu tukasikiliza mashine ikivuma na kuachia pumzi. Mia mbili kumi na nne kwa mia na ishirini na sita. Haruni akapima tena, ikawa zaidi. Nilimwambia mzee kwamba lazima aende hospitali sasa hivi, si kesho, si baada ya kuanua kahawa. Akasema gari letu hapandi.

Haruni alimpigia magoti, mwanamume mzima wa Miembeni, pale kwenye majani. "Mzee wangu, nakuomba. Mimi ndiye ninayeendesha. Huyu atakaa nyuma."

Mzee alifikiri. Alitazama kaburi, akatazama nyumba, akanitazama mimi kwa mara ya kwanza tangu anikataze jina.

"Nitakwenda," alisema. "Wanangu wanakuja Jumapili. Nikifa leo, utabaki wewe peke yako wa kuwasimulia."

Akamwita jirani aje kuangalia kahawa, akavaa koti, akafunga mlango mwenyewe. Mashine aliibeba mapajani njia nzima.

Nilikaa nyuma. Kabla hatujatoka kwenye barabara ya vumbi nilikuwa nimeifuta amri. Kompyuta ikaanza kuwaleta waliofichwa: watu kumi na tisa wenye wageni nyumbani na namba ambazo zingepiga kengele. Nilimpigia Esther nikamsomea majina yote, wa Kashai, wa Miembeni, wa Muleba, nikamwambia apige sasa, aache kila kitu. Aliniuliza mara mbili kama nimekosea. Kisha nikamwandikia msimamizi wangu kwamba sura ya nne si kweli, na kanuni ya mgeni imemwua mtu, labda zaidi ya mmoja. Simu yake ikaanza kuita hapo hapo. Sikuipokea, kwa sababu Esther alikuwa ananiandikia: Mwajuma amepatikana, anakimbizwa hospitali. Sada amepatikana. Hamidi simu yake imepokewa na mkewe, analia, nampigia tena.

Hospitali ya wilaya ilikuwa na foleni, lakini Haruni aliwapita watu wote akimshika mzee kiunoni, na namba zile zilipotajwa hakuna aliyegomba. Walimlaza, wakamchoma sindano, wakaanza kumpima upya. Muuguzi mmoja kijana akaja na fomu na kalamu, akasimama kati ya kitanda na mimi. Aliuliza jina, umri, kijiji. Mzee alijibu yote mwenyewe, kwa sauti ya chini lakini iliyonyooka.

"Nani amekuleta? Tunaandika ndugu wa karibu."

"Andika huyu," akaninyooshea kidole.

"Ni nani wako, mzee?"

Kwetu swali hilo halina ugumu. Mtu yeyote wa umri wangu aliyemleta mtu wa umri wake anaandikwa mtoto, na hakuna anayehoji. Muuguzi alikwisha kuanza kuiandika herufi ya kwanza.

"Ndiye aliyezitupa namba za mke wangu," mzee alisema. "Andika hivyo."

Kijana alitabasamu kidogo, akidhani presha imempanda mzee kichwani. Akanigeukia, kalamu juu, akingoja nimsahihishe. Mzee alikuwa ananitazama, na macho yake, hata kama yalikuwa na ukungu, yalinishika.

"Andika kama alivyosema," nilimwambia. "Jina ni Renatha Lwakatare."

Nafasi ilikuwa ndogo. Aliandika polepole, maneno yakaishia pembeni mwa karatasi.